Koti la Papa Juu ya Mlima Jino

Bunia, tarehe 11 Mei 2025

Mdogo wangu Augustin,

Nakusalimu sana, wewe na wote wanaoamka karibu nawe huko Fataki. Sisi huku tupo. Mama anakusalimu. Mguu wake unamuuma mvua ikikaribia, kwa hiyo siku hizi yeye ndiye anayetuambia wakati wa kuanua nguo, na hakosei. Watoto wanakohoa lakini wanacheza. Shitingi ya plastiki ya nyumba yetu hapa kambini ilitoboka upande wa jikoni, Eugène akaishona kwa uzi wa gunia, na sasa inavuja mahali pengine. Mume wangu huyo ukimpa sindano anajiona fundi. Mimi nauza majani ya sombe na mafuta ya mawese kando ya njia, na kisipouzwa tunakila wenyewe.

Sasa nikuambie kilichonifanya nitafute kalamu. Ma Claire, huyu mama wa viazi aliyekuletea barua, amesema amekuona juu ya mawe ya mlima Jino, upande wa nyuma, miguu mitupu, bila kamba, na vijana wawili chini yako. Nilikuwa napima mawese nikayamwaga. Augustin, unatafuta nini juu ya Jino? Pimbi? Papa alitufundisha kupanda kule kwa sababu ya nyama na asali, na zamani hizo juu kulikuwa na pimbi na upepo tu. Leo juu kuna watu wenye bunduki, walewale walioshuka Jumapili ile wakamkata Papa mlangoni kwake na kuchoma nyumba mdogo wetu Olivier akiwa ndani. Miaka miwili haijaisha. Sina ndugu mwingine wa kiume wa kuzika.

Najua huwezi kunipigia simu, na sitaki uwe nayo. Wale watu wakikukuta nayo njiani wanasema unaita askari, wanakukata mkono kabla hawajakuuliza jina. Kwa hiyo andika. Na ukiandika usinijazie karatasi kwa habari za mahindi. Niambie unafanya nini kule.

Ni mimi dada yako, ninayekuogopea,
Dorcas


Fataki, tarehe 2 Juni 2025

Yaya Dorcas,

Barua yako imefika ikinuka viazi, nimefurahi hata hivyo. Msalimie Mama, mwambie mguu wake ungekuwa huku ungetusaidia, maana mvua imelala na maharage yamebeba upande mmoja tu wa shamba. Msalimie fundi Eugène. Mimi ni mzima. Nalala kwa baba mdogo, pamoja na watoto wake Fabien na Dady. Kanisa limepata paa jipya. Hizo ndizo habari za mahindi, zimeisha.

Umeuliza, nami sitakuficha. Alhamisi moja soko likiwa limejaa, walishuka watatu kutoka mlimani kuchukua chumvi na betri. Hakuna aliyethubutu kuwatajia bei. Wawili waliingia sokoni. Wa tatu alibaki mbali, kwenye mikaratusi, kofia imemfunika mpaka mdomoni, bunduki mgongoni. Alikuwa amevaa koti la Papa.

Usiniambie makoti ya kijani ni mengi. Mkono wa kulia, kwenye kiwiko, kuna kiraka cha kikwembe chekundu chenye ndege wa njano. Kile Mama alichokishona, wewe ukamcheka kwamba Papa atatembea na kuku mkononi. Nilikiona, yaya. Nilikuwa nimeshika kilo ya chumvi, nikaifinya mpaka mfuko ukapasuka. Mtu havai koti la Papa bila kumvua Papa. Ndiye aliyemkata. Nataka koti lile, na ninamtaka aliye ndani yake.

Njia ya mbele, ile ya ng'ombe, wanailinda. Nyuma hawaweki watu wengi kwa sababu wanaona ukuta. Wewe na mimi tunajua si ukuta. Ni jiwe juu ya jiwe na ufa juu ya ufa, na mtu mwenye mikono, miguu na subira anafika bila kamba wala msumari. Nawafundisha Fabien na Dady kama Papa alivyotufundisha. Gonga kwanza, ndipo ushike. Usiamini majani, usiamini jiwe lenye ukoga. Tumbo likae mbali na mwamba ili uone miguu yako. Wanajifunza. Fabien ni mwepesi kama paka. Dady ni mzito wa kichwa, alikuwa hataki kuita mawe, nikamchapa fimbo miguuni kama Papa alivyokuwa akitufanya. Sasa jiwe likitikisika kidogo tu, anaita "Iko nacheza!" hata akiwa ameketi chooni, na sisi tunaitika "Nasikia!" na kucheka. Familia nyingine zinapanda kimya na kuvunjika shingo kimya. Sisi tunaita na kuitikiana, mmoja baada ya mwingine, mpaka wa mwisho. Sijui ukoo mwingine unaofanya hivyo.

Usinililie bado.
Augustin wako


Bunia, tarehe 20 Juni 2025

Augustin,

Hatujambo wote isipokuwa Mama. Ameanguka. Hali chakula, hanitambui, munganga ametikisa kichwa. Anataja jina lako. Acha kila kitu, panda pikipiki ya kwanza utakayoiona. Usipomkuta, usije ukasema sikukuita.

Dorcas


Fataki, tarehe 9 Julai 2025

Yaya Dorcas,

Salamu kwa wote. Hasa kwa mgonjwa wako, niliyemkuta ameketi kwenye kinu akitwanga sombe, akaniuliza kwa nini nimekonda.

Sikukujibu pale mbele yake kwa sababu ya heshima. Nilikula, nikalala siku zile mlizonizuia, nikamsikiliza Eugène akinitafutia kazi ya kubeba matofali. Sasa nakujibu. Nilipokuwa kwenu nikila sombe yako, walishuka. Walikuja mchana kweupe, watu wakiwa mashambani. Walianza na nyumba ya baba mdogo. Yeye walimfunga kwenye mti wa parachichi na kumpiga panga kichwani, wakamwacha hapo macho wazi. Mke wa Fabien alikimbia na mtoto mgongoni. Risasi moja iliwapitia wote wawili. Fabien alikuwa kwenye mwamba akifanya mazoezi peke yake, akaona moshi, akashuka mbio akidhani atawahi. Amewazika kwa jembe la kukopa. Hasemi tena. Ukimpa chakula anakula, ukimwambia panda anapanda.

Ningekuwepo ningefanya nini, utauliza. Sijui. Ningekufa labda. Lakini ningekuwa hapa, si kwako nikidanganywa kama mtoto anayepelekwa kuchomwa sindano. Mama hafi kwa kalamu yako. Usirudie tena, maana siku atakapougua kweli sitaamini.

Tumebadilisha jambo moja. Kupanda ni kwa sauti, hilo ni la kujifunzia. Siku yenyewe hatutaita. Mwenye kutangulia atagonga jiwe bovu mara mbili kwa kidole, anayefuata atamgusa mguu kuonyesha amesikia. Tumejaribu kwenye mawe madogo na imeshika.

Augustin


Bunia, tarehe 17 Agosti 2025

Mdogo wangu,

Nakusalimu kwa machozi. Nimelia kwa ajili ya baba mdogo, na kwa mke wa Fabien niliyemsuka nywele siku ya harusi yake. Mwambie Fabien namkumbuka. Mama ni mzima, kweli mzima, nakuapia kwa Mungu. Watoto wamepona kikohozi. Nilikudanganya mwezi wa sita, na ukinitukana una haki. Lakini barua hii isome polepole, kwa sababu leo sidanganyi, na leo siwezi kusema yote.

Amefika hapa kambini mwanamke anaitwa Martine. Walimteka shambani wakamweka juu ya Jino kuwapikia. Ametoroka. Hakushuka njia ya mbele, Augustin. Alishuka nyuma. Mwanamke mnene wa bondeni, asiyejua jiwe wala ufa, ameshuka Jino upande wa nyuma na miguu yake mizima. Jiulize nani alimshusha. Jiulize alimshusha kwa njia gani.

Amenitafuta mimi kwa jina. Ameniletea neno, na Mama alikuwepo, amelisikia. Siwezi kuliandika. Nikueleze kwa nini. Jumanne, pale njia panda, watu walimkamata kijana mmoja wakasema kaka yake yuko na wale wa mlimani. Yeye mwenyewe hakuwa na kosa, walimtaka kwa ajili ya kaka yake. Walimpiga kwa matofali mpaka uso ukapotea. Mama yake alikuwa anauza makala, makaa ya kupikia, karibu na meza yangu. Aliwashika miguu, akalia, "Huyu iko mutoto wa masomo, hajue kitu!" Wakamkanyaga vidole, wakamaliza, kisha wakaenda kuchoma shitingi yake pamoja na vyombo. Damu ilirukia sombe yangu. Nilirudi nyumbani nikamwambia Eugène kwamba kuanzia leo hakuna neno litakalotoka mdomoni mwetu. Na barua hii itapita kwenye vizuizi vyote, vya askari na vya wale wengine, na kila mahali kuna mtu anayejua kusoma.

Kwa hiyo njoo, nikuambie kwa mdomo. Huwezi kuja? Basi shika maneno haya. Mwenye koti usimguse. Kumbuka yule tuliyemzika bila kumwona uso, kwa sababu moto haukuacha uso. Kumbuka nyumba ile ilikuwa na mgeni siku ile, mchunga ng'ombe wa jirani, ambaye hatukumwona tena wala kumtafuta. Fikiri, Augustin. Weka hasira chini kidogo, ufikiri.

Dada yako,
Dorcas


Fataki, tarehe 5 Septemba 2025

Yaya,

Tupo. Dady ameota jipu, limepasuka. Barua yako imekaa njiani mpaka pembe zake zimeliwa, Ma Claire alizuiliwa mahali siku nyingi.

Nimeisoma polepole kama ulivyotaka. Nimeona umeanza tena. Mwezi wa sita ulimuua Mama ili nije. Sasa unataka kumfufua nani? Mwanamke ametoka kwa wale watu akiwa mzima, amepewa chakula, ameonyeshwa njia, halafu anakutafuta wewe kwa jina, nawe humuulizi ni nani aliyemtuma. Wanatuma watu, yaya. Wanatuma wanawake hasa. Mwenye koti nisimguse! Angeweza kusema nini kingine, kama mwenye koti ndiye anayemlisha?

Nilimzika Olivier kwa mikono hii. Nilimkusanya. Usimchezee.

Tutapanda mwezi huu, ukungu ukianza kukaa asubuhi. Tunaingia kwa ule ufa wa nyuki, tunatoka kwenye bega la mlima, halafu ule ukuta mfupi wa mwisho ambao Papa alikuwa anatusukuma matako. Nikirudi nitamletea Mama koti lake alifue. Nisiporudi, usimruhusu Eugène kuushona mdomo wangu kwa uzi wa gunia.

Augustin


Bunia, tarehe 12 Septemba 2025

Augustin,

Sisalimu. Naandika wazi, na atakayeisoma kizuizini aisome, aje anichome.

Mwenye koti ni Olivier. Ni mdogo wetu. Hakuungua. Tulimzika mchunga ng'ombe. Olivier walimtoa nje kabla ya moto, akamwona Papa akikatwa, wakamvisha koti lile likiwa bado na damu wakamwambia abebe mbuzi. Amekaa nao tangu siku ile. Si msafi, sikufichi. Martine amesema anashuka nao, amebeba petroli yao, amesimama kwenye nyumba za watu zikiwaka. Alijaribu kukimbia mara moja wakamwambia, "Tunajua yaya yako Augustin iko Fataki. Weye ukienda, yeye tunamukata." Kwa hiyo hakimbii. Anakaa kule kwa ajili yako. Siku ile sokoni alibaki mbali akajifunika uso ili usimtambue ukamkimbilia mbele ya wale wawili.

Wamempa zamu ya kulinda upande wa nyuma, kwa sababu aliwaambia anajua mawe. Ndiye aliyemshusha Martine. Alitangulia chini, akamwitia kila jiwe, akamfundisha kuitika. Akamwambia, "Ukifika Bunia, utafuta Dorcas, umuambie niko." Hilo ndilo neno.

Usipande. Kama umepanda, shuka.

Dorcas


Fataki, tarehe 2 Oktoba 2025

Yaya Dorcas,

Sijui nianze na salamu gani. Mama aliamkaje leo? Nijibu hilo kwanza utakapoandika.

Barua yako ya wazi Ma Claire alinipa siku ya tatu baada ya sisi kushuka. Alinikuta nimekaa nyuma ya kanisa na vitambaa mikononi. Barabara ilikuwa imefungwa, amesema. Alilia akiniomba msamaha, naye hajui ameleta nini. Nimeisoma mara moja. Sitaisoma tena.

Nakuandikia yote, kwa sababu ni lazima kuwe na mtu mmoja anayejua yote.

Tuliondoka ukungu ukiwa chini kabisa. Mimi mbele, Fabien katikati, Dady nyuma. Panga langu nililifunga mgongoni. Mawe yalikuwa na maji. Kwenye ufa wa nyuki nilichubuka goti mpaka mfupa, sikutoa sauti. Tulikuwa tunagonga na kugusana kama tulivyopatana, hakuna aliyekosea. Kwenye bega la mlima tulipumzika, Fabien akatapika, tukaendelea. Nilimsikia mtu juu yetu akikohoa. Nikafurahi, yaya. Nakwambia ukweli, nilifurahi.

Kwenye ule ukuta wa mwisho nilikuwa nimebakiza urefu wa mtu mmoja. Chini kabisa Dady akaweka mguu kwenye jiwe, jiwe likatoka, na mdomo wake ukafunguka wenyewe. Aliita kama nilivyomchapa mpaka akajua. "Iko nacheza!" Kwa sauti yote. Na mtu akaitika, "Nasikia!"

Niliisikia hiyo sauti. Nilidhani ni Fabien. Upepo ulikuwa unazungusha kila kitu, na masikio yangu yalikuwa yamejaa moyo. Nilijua tu kwamba tumesikika na tumekufa. Nikajibana kwenye mwamba kungoja risasi. Badala yake mtu alilala kifudifudi pale ukingoni. Sikuona uso, kulikuwa na ukungu na kofia. Niliona mkono ukishuka kwangu, kiganja wazi, mkono wa kijani, na kwenye kiwiko kiraka chekundu chenye ndege wa njano.

Nilishika kile kifundo cha mkono. Naye alinishika kwa nguvu kama anavyoshika mtu anayevuta mwenzake. Nikavuta mimi.

Alitoka pale ukingoni akanipitia hapa begani. Hakupiga kelele. Aligonga bega la mlima, nikasikia, kisha akagonga tena chini zaidi. Nilibaki na uzi mwekundu kwenye kucha. Fabien alikuwa ananitazama, na kwa mara ya kwanza tangu Julai akasema neno. Alisema, "Ule mutu aliitika."

Nikapanda kile kilichobaki kwa sababu mikono ilikuwa inapanda. Bunduki yake ilikuwa imesimamishwa kwenye jiwe, mbali, pamoja na mfuko wa mahindi ya kuchoma. Aliiweka chini ndipo akaja kulala ukingoni. Niliitazama bunduki ile nikaanza kuelewa, na kabla sijamaliza kuelewa, wengine wakaamka. Walipiga ovyo kwenye ukungu. Fabien alipigwa shingoni akiwa ameshika ukuta, akaachia. Mimi na Dady tulishuka uso kwa mwamba kama Papa alivyotufundisha, risasi zikitumiminia vipande vya mawe machoni. Kushuka ni kubaya kuliko kupanda, unatafuta jiwe kwa mguu na huoni. Sijui tulifikaje.

Chini nilimtafuta. Dady alinivuta akisema, "Yaya, tuende, tuende, wale biko nashuka na njia ya mbele," nikampiga kofi. Nilimkuta kati ya mawe mawili. Ameota ndevu, yaya. Ana ndevu za Papa. Mguu mmoja ulikuwa umegeukia nyuma na nusu ya kichwa ilikuwa wazi, lakini uso ulibaki. Nilimwita jina, nikamfuta midomo. Alikuwa bado ana joto.

Tulimfunika kwa mawe haraka, yeye na Fabien pamoja, kule kwenye ufa wa nyuki. Koti sikulivua.

Wewe ulijua tangu Agosti. Nimekaa nikijaribu kukukasirikia, kwamba ungeandika jina moja tu, herufi saba. Halafu nakumbuka nilivyokujibu. Sijui kama ningeamini hata jina.

Sasa niambie nifanye nini. Dady amekimbilia Boga kwa shangazi yake. Wale wa juu wananitafuta, sina cha kuwaogopea tena. Nije? Au Mama asinione?

Augustin


Bunia, tarehe 26 Oktoba 2025

Augustin,

Uliuliza Mama aliamkaje. Siku barua yako ilipofika aliamka vizuri. Alikuwa amefua lile shati la shule la Olivier lililobaki kwa shangazi, amelianika juu ya shitingi, anamwambia jirani ni la kuuza. Amekuwa akilifua kila wiki tangu Martine alipokuja.

Nilitaka kuificha barua. Alikuwa amemwona Ma Claire, akaketi mbele yangu akasema, "Soma." Nikaanza kusoma nikiruka. Unajua Mama hajasoma, lakini anajua uso wangu. Alinipiga kibao. "Soma yote. Usiruke. Miye nilibazala bote." Nikasoma yote. Nilipofika kwenye mkono, alinisimamisha. Akanifanya nirudie. Akasema, "Alikuwa anamupatia mukono." Akasema tena. Kisha akasimama na ule mguu wake, akashika kisu cha sombe, akapasua shitingi ya jikoni kutoka juu mpaka chini, akapasua na ya upande wa pili, watoto wakakimbia nje. Eugène alimkumbatia kwa nyuma akamnyang'anya kisu, akamkata mkono kidogo bila kukusudia. Mama hakutazama hata damu.

Na hatuwezi kulia. Umelifikiria hilo? Hapa Olivier alishakufa zamani, tulishamlilia, watu walishatuletea unga. Tukilia leo watauliza tunamlilia nani, alikuwa wapi, na kufika jioni tutakuwa kama yule mama wa makala. Kwa hiyo tumemlilia Fabien. Kambi nzima imekuja, imeimba, imesema pole kwa Fabien, na Mama akiwa katikati yao amefunika uso kwa kikwembe, anauma kikwembe ili asitaje jina lingine. Siku mbili. Martine alikaa naye akamshika mdomo, kabisa kwa kiganja, kila alipoanza kutetemeka.

Kuhusu Agosti. Uliandika kwamba hujui kama ungeamini. Mimi pia sijui. Nilinyamaza ili watoto wangu wasichomwe, na hawajachomwa. Nakaa na hilo, nawe kaa na lako, tusigawane.

Nilimuuliza Mama kama uje. Alisema, "Asikuye. Nikimuona nitamuuma na meno." Hakula. Jioni, tulipokuwa tunashona shitingi, akauliza bila kunitazama, "Kule anakula kwa nani?" Simjui mtu wa kukulisha huko sasa.

Kwa hiyo mimi ndiye ninayeamua. Njoo. Njoo na Ma Claire kwenye gari la viazi, lala chini ya magunia, usishuke kwenye kizuizi chochote. Ukifika usiingie ndani. Kaa kwenye lile jiwe la kufulia, mbele ya mlango, watu wakuone, waseme ni mtoto aliyefiwa. Atapita mbele yako kwenda bombani, atarudi na ndoo yake, hatakutazama. Usimwite. Usimwombe msamaha, hataki kusikia sauti yako kwanza. Utakaa hapo kwenye jua na kwenye mvua mpaka siku yeye mwenyewe atakapochota kikombe na kukupa maji ya kunywa. Labda ni kesho yake, labda mwaka. Mimi sitakupa.

Dorcas